Wa Mwisho Kupigiwa

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Radi ya jana imeua bodi ya mfumo wetu wa kuonya mafuriko. Nimeifungua asubuhi — harufu ya plastiki iliyoungua, chipu imepasuka katikati. Basi tena. Ilikuwa bodi ya Sharifu, kaifunga mwenyewe kwa nyaya za rangi anazozijua yeye tu. Wakati wa uhai wake nilimgombeza kwa nyaya hizo mpaka akawa ananiita mama mkwe.

Kipimo cha mto pale Old Korogwe kizima. Cha mvua kule Dindira nacho kizima, kinatuma namba zake kama kawaida. Ila hakuna wa kuzisoma. Mto ukipanda leo hakuna simu itakayolia bondeni hata moja, na masika ndiyo kwanza yanachanganya.

Bodi mpya tunayo kabatini. Nikasema kazi ndogo, nahamisha programu, chai ya saa nne nakunywa kwa raha. Kumbe bodi mpya inataka kompaila mpya, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Na kompaila mpya imesoma mafaili ya Sharifu ikayatapika yote. Makosa skrini nzima, mekundu. Wameondoa kile kitu! Tulijua wataondoa siku moja, walionya miaka yote. Sharifu alikuwa anacheka, anasema watu hawawezi kuondoa kitu kizuri hivyo.

Chai sikunywa.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Erasto kaja kusimama mlangoni mwa chumba changu, koti la mvua mkononi. Ndiye mkuu wa jumuiya yetu ya maji, mtu wa pampu na mabomba, kompyuta anaiogopa kidogo. Akauliza kwa nini programu iliyokuwa inafanya kazi wiki iliyopita leo haifai, na maandishi ni yaleyale.

Nikamweleza hivi. Mzee, Sharifu alikuwa anaandika fanksheni, yaani kifungu cha maagizo, ndani ya fanksheni nyingine. Mtoto ndani ya nyumba ya mama yake. Mtoto wa ndani anaona kila kilichomo, anachukua chumvi, anachukua kiberiti, haombi. Lugha yenyewe haijawahi kuruhusu hivyo. Ni hawa waliotengeneza kompaila yetu, waliongeza kwa ukarimu wao. Sasa wameona ukarimu unawaletea matatizo, wameufuta. Watoto wote watoke nje wakajitegemee, na kila wanachohitaji wakabidhiwe mlangoni, kimoja kimoja, kwa jina.

— Basi watoe, akasema.

Nikamwambia wako wengi, mzee. Na kompaila ya zamani haiijui bodi mpya, kwa hiyo njia ya kurudi hakuna.

Akasema niwatoe watoto, lakini nisiguse kingine chochote. Sauti nisiibadilishe. Mpangilio nisiubadilishe. Watu wa bondeni wanamwamini Sharifu, wewe hawakujui, akasema. Hakusema kwa ubaya. Imeniuma hivyohivyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbili ndani ya programu ya marehemu. Mwaka mzima nimeikwepa. Nilikuwa naiona kwenye kompyuta, folda yake, naipita kama mtu anayepita mbele ya chumba kilichofungwa.

Anaandika kama anavyoongea. Kila kitu Kiswahili. Fanksheni kubwa inaitwa nyumba. Ndani yake yumo mtoto, hodi. Hodi anapiga simu kwenye nyumba, mara tatu. Mara tatu tu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa kwao Kang'ata: unabisha mara tatu, usipoitikiwa unageuka, hung'ang'anii mlango wa watu. Tuliwahi kubishana hilo, mimi na yeye, tukila mihogo uani. Nikamwambia mafuriko hayana adabu, piga mara kumi. Akasema mtu asiyeitika mara tatu hayuko karibu na simu, unapoteza muda, tafuta njia nyingine ya kumfikia. Sikumuuliza njia gani.

Nimewatoa wengi leo. Yule wa kusoma kipimo, yule wa betri, yule wa mvua ya Dindira. Kila ninapomtoa mtoto nje najiona kama dalali anayetoa vyombo vya watu barazani. Kuna mahali kaandika pembeni: "Elina ukifika hapa usicheke." Sikucheka. Nilikaa nikaitazama ile sentensi mpaka skrini ikazimika yenyewe.

Halafu ilibidi nijaribu sauti. Nikavaa vya masikioni.

"Hodi. Hodi. Hodi. Mimi Sharifu wa maji. Mto unapanda. Pandeni juu."

Nikavivua. Nikatoka kusimama uani kwenye mvua ya rasharasha, kama kichaa. Lukasi mlinzi akauliza dada kuna nini, nikasema macho yamechoka.

Nilimpenda? Sijui. Nilipenda kukaa naye chumba kimoja. Hilo najua.

Ijumaa, 11 Aprili

Kila Ijumaa saa kumi jioni mfumo unapiga simu ya majaribio bondeni kote, mara moja kila namba, bila kusubiri kuitikiwa. Leo haukupiga. Nilijua watu wataona, sikujua wataona upesi hivi.

Wa kwanza Mustapha, yule mwenye kibanda cha kuchaji simu pale barabarani. Kaja na pikipiki mpaka ofisini.

— Dada, leo marehemu hajapiga. Kuna nini?

Kasema hivyo! Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia umeme. Nikamwambia mashine mbovu. Akasema bora, maana bibi zake bondeni wameanza kusema kachoka nao.

Nikamuuliza kama simu ya Bi Mwaija bado iko kwake. Iko, imechajiwa tangu Jumatatu, hajatuma mtu kuifuata. Ndiyo kawaida yake. Bi Mwaija ana umri wa miaka themanini na zaidi, nyumba yake ndiyo ya karibu na mto kuliko zote, na simu yake inaishi kibandani kwa Mustapha. Unaweza kumpigia mpaka kiama.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekuja ofisini peke yangu. Limebaki kosa moja. Moja!

Hodi mwenyewe. Nimemtoa nje ya nyumba, nikamkabidhi vyake: namba ya kupiga, jina, sauti. Kompaila ikakataa. Inasema humu ndani kuna kitu kinaitwa wa_mwisho, haikijui, hakijatangazwa. Nikarudi kwenye nyumba ya mama yake kukitafuta. Kipo pale juu kabisa, mstari wa kwanza baada ya mlango. wa_mwisho. Namba ya simu.

Namba ya Sharifu.

Nimesoma tena taratibu, kwa kidole. Hodi anapiga mara tatu. Nyumba isipoitika, anampigia wa_mwisho, anamchezea sauti nyingine, nayo ipo kwenye folda, moja kwa kila nyumba: "Kwa Bi Mwaija hawajaitika. Nenda." Wa mwisho akishafika kwenye nyumba anabonyeza moja. Hapo tu ndipo inaandikwa amefika, na mama anakwenda nyumba inayofuata. Asipobonyeza, hodi anampigia tena. Na tena. Hakuna nyumba inayorukwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa Sharifu, hawezi kuendelea na safari kabla mmoja hajajulikana aliko.

Kwa hiyo siku ile ya mwaka jana, mto ulipomchukua Sharifu, ilikuwa hivi. Bi Mwaija alikuwa ameshabebwa na majirani tangu asubuhi. Simu yake kwa Mustapha, kibanda kimefungwa. Programu ikabisha nyumba tupu mara tatu. Kisha ikampigia Sharifu. Kwa sauti yake mwenyewe. Nenda.

Akaenda.

Mwaka mzima mji huu umekuwa ukiuliza alifuata nini bondeni wakati watu wote wameshahama. Na umejijibu wenyewe: alikuwa na mwanamke kule. Nimesikia sokoni, nimesikia msibani kwake, nimesikia hapahapa ofisini. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilidhani huenda ni kweli. Nikamkasirikia! Marehemu, nikamkasirikia kwa wivu.

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Mungu anisamehe.

Jumapili, 13 Aprili

Dindira, kwa mama. Jumapili ya Matawi, kanisa limejaa, ukungu mpaka mlangoni. Mvua kule juu haikatiki. Mama kaniona macho, kauliza. Nikamwambia nimegundua aliyemtuma Sharifu mtoni. Akasema hayo ya wafu niyaache, chai itapoa.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda Kang'ata. Nilimwambia Mzee Erasto nina udhuru Handeni, hakuniuliza.

Sababu ni ile namba. Nimeipiga jana, kwa kujaribu tu. Ikaita! Mtu akapokea. Nikasikia kuku nyuma yake. Nikakata upesi, kama mwizi. Kisha nikakumbuka kwamba walipompata, simu yake ilikuwa mfukoni imefungwa kwenye nailoni, nzima. Alipewa mkewe.

Faudhia alirudi kwao baada ya eda, naye ni wa Kang'ata kama mumewe. Nyumba ya wazazi, mahindi yamefika magotini, mama yake kaketi barazani anachambua choroko. Shikamoo mama. Marahaba, karibu. Faudhia akatoka ndani, kakonda. Hakutabasamu.

— Dada Elina. Jana ulinipigia ukakata.

Nikasema ndiyo, wifi, nisamehe.

Tulikaa nyuma ya jiko. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye kompaila, mjinga mimi. Akaniacha niongee. Nilipotamka jina la Bi Mwaija akainua mkono. Nyamaza, akasema. Akasema jina hilo analijua. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ya mvua, simu ya marehemu ililia. Akapokea. Akamsikia mumewe. Mumewe! Anasema kwa Bi Mwaija hawajaitika, nenda. Ikakata. Ikalia tena. Maneno yaleyale. Akaizima, akaingia chini ya kitanda kama mtoto. Hakumwambia mtu yeyote. Angemwambia nani? Mji mzima unasema mumeo kafia kwa mwanamke, halafu mumeo mwenyewe anakupigia kutoka kaburini kukutajia jina la huyo mwanamke.

— Nimemchukia, dada. Nimemwombea dua huku namchukia. Ijumaa akipiga namsikiliza, halafu namtukana.

Nikamwambia Bi Mwaija ni nani. Umri wake, meno yake mawili, kuku wake, simu yake kwa Mustapha. Nikamwambia kuhusu wa_mwisho. Ilibidi nirudie. Mara ya pili alielewa, nikaona usoni.

Akauliza: kwa hiyo alijipigia mwenyewe?

Ndiyo.

Akauliza: na nyumba ilikuwa tupu?

Ndiyo, wifi.

Akacheka, kicheko kibaya, kikageuka kilio, mama yake akaja mbio na choroko zinamwagika kwenye kanga. Wakaongea Kizigua, sikufuata yote. Yule mama akanishika mkono akanibusu kiganja. Sikustahili hata kidogo.

Wakati naondoka Faudhia akanisindikiza mpaka njia panda. Akasema Ijumaa iendelee kumpigia, ile ya majaribio inayopigia namba zote, hata ya marehemu, anaitaka. Ila ile nyingine, ya nenda, niiondoe kwake. Yuko mbali, hawezi kwenda. Na akiisikia tena ataanza kutembea tu, hivyo alivyo, mpaka afike.

Nikamwahidi. Kisha akauliza swali ambalo nimekuja nalo njia nzima mpaka Korogwe:

— Sasa utamweka nani?

Na kitu kingine kimenijia nikiwa kwenye gari. Mwezi ule wa kumi na moja Salimu alikuja ofisini kutugombeza, kwamba yeye na watoto wake hawakupigiwa, waliona maji ndani. Nyumba ya Salimu inafuata baada ya Bi Mwaija. Tulilaumu mtandao. Haukuwa mtandao. Programu ilikuwa bado imesimama kwa Bi Mwaija, inamsubiri marehemu afike.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee Erasto nimemwambia yote. Alivua miwani. Alikuwa mmoja wa waliosema, najua alisema, naye anajua kwamba najua. Tukaacha hapo.

Ushauri wake ni rahisi: futa. Wa mwisho asiwepo. Nyumba ipigiwe mara tatu, basi, twende inayofuata. Kompaila yenyewe imekataa, akasema, nani kakulazimisha kumrudisha?

Nikamuuliza: na Bi Mwaija?

Akasema tumnunulie simu ya pili. Nikasema itakwenda kukaa kwa Mustapha pamoja na ya kwanza. Akaguna. Anamjua.

Basi atafutwe mtu wa kuwekwa. Nikaanza kwa Lukasi, anakaa jirani na bonde, ana nguvu. Akauliza namba hiyo ilikuwa ya nani mwanzo. Sikuweza kumdanganya. Akasema dada, kazi yoyote nipe, hata kuchimba choo, lakini kwenye nafasi ya marehemu usinikalishe. Aitwe na sauti yake kisha aende palepale alipokwenda yeye? Hapana. Mustapha akasema ana mke mjamzito. Salimu akasema yeye mwenyewe ni wa kuokolewa.

Siwalaumu. Nami ninaiogopa ile nafasi. Nimeandika namba ya ofisi, nikaifuta. Ofisini jioni hakuna mtu. Ni kuandika tu ili kompaila ifurahi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeweka yangu.

Hakuna ujasiri wowote. Nilichoka kuutazama mstari mtupu. Nikasema nitaweka yangu kwa leo ili ikubali, kesho nitatafuta mwingine. Najijua. Hakutakuwa na kesho ya namna hiyo.

Nimemtoa hodi nje rasmi. Nimemkabidhi vyote mlangoni: namba, jina, sauti, wa_mwisho, amefika. Kompaila imesoma mpaka mwisho. Kimya. Hakuna kosa hata moja! Sikuamini, nikarudia. Kimya.

Jaribio mezani: nyumba moja ya uongo isiyoitika. Mara tatu. Kisha simu yangu ikalia. Nikapokea nimekaza meno. "Nenda." Nikabonyeza moja. Skrini ikaandika amefika. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu, Lukasi akachungulia dirishani.

Bodi iko juu ya nguzo tangu saa tisa. Nyaya nyeusi ndizo za ardhini sasa, kama wafanyavyo watu wenye akili, si rangi za Sharifu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Saa kumi simu zote zimelia bondeni. Nilikuwa natoka ibadani. Nikamsikia akitoka kwenye madirisha, huku na kule, hodi hodi hodi, mmoja anamaliza mwingine anaanza. Mwanamke mmoja anakaanga mihogo kaitikia kwa sauti, karibu baba. Hajageuka hata kutazama simu.

Faudhia kanitumia ujumbe: "Kafika. Leo sikumtukana."

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Dindira imenyesha siku nzima, namba za kipimo kubwa hivi sijawahi kuziona. Mama kanipigia kusema barabara ya chini kwao imekatika. Mto bado uko chini ya alama ya hatari, lakini rangi imebadilika, na unabeba migomba.

Nimekwenda kwa Bi Mwaija kumsihi apande kwa mjukuu wake. Kakataa. Kuna kuku anaatamia. Nikamwambia bibi, kuku tutambeba na mayai yake. Akasema kuku akibebwa mayai yanaharibika, watoto wa siku hizi hamjui chochote. Simu yake? Kwa Mustapha.

Nimelala na simu mkononi.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika nikiwa juu ya uchaga wa mahindi, kwa Bi Mwaija. Daftari lilikuwa kwenye begi. Nikiandika mikono inatulia.

Ilipiga mchana, nikiwa nakula. Niliijua kabla sijaitazama. Kwa Bi Mwaija hawajaitika. Nenda. Nikampigia Lukasi, hapokei. Nikachukua bodaboda mpaka pale lami inapoishia, kijana akagoma kuendelea, nikashuka kwa miguu. Maji ya magoti. Njiani nikawa namwambia Sharifu, safari hii kuna mtu ndani, unasikia? Safari hii nyumba sio tupu.

Yumo kweli. Alikuwa kasimama juu ya kitanda na kuku kifuani. Nikabonyeza moja. Nimefika. Nikasikia raha ambayo siwezi kuieleza — mzigo wa mwaka mzima ukanitoka mabegani.

Maji yakaja nyuma yangu haraka. Njia niliyopita haipo. Nimempandisha bibi huku juu, na kuku, na mayai kwenye kilemba changu. Kutoka dirishani naona watu kule juu barabarani wana kamba, wametuona, mmoja anapunga shati. Watafika. Sisi tuko sawa.

Kisha simu ikalia tena.

Kwa Bi Mwaija hawajaitika. Nenda.

Nikabonyeza moja. Ikakata. Ikalia.

Nenda.

Niko hapa, Sharifu! Nimesema kwa sauti, bibi akashtuka. Nimebonyeza tena. Tena.

Nimeshaelewa. Nimeelewa hapahapa, juu ya magunia ya mahindi. Zamani, ndani ya nyumba ya mama yake, mtoto alikuwa anaandika amefika kwenye ubao wa mama mwenyewe. Mimi nilipomtoa nje nikamkabidhi karatasi yake. Nakala. Nikibonyeza, hodi anaandika amefika kwenye karatasi yake, anairidhia, anaitupa. Mama haoni. Alhamisi ile aliyeandika kwenye skrini ni mtoto, na nyumba ilikuwa moja, hapakuwa na inayofuata ya kunionyesha kosa. Kompaila haikusema kitu kwa sababu si kosa la lugha. Ni kosa langu.

Kwa hiyo imesimama hapa. Haijaenda kwa Salimu. Salimu na watoto hawajapigiwa, na nyumba zote za chini yake hazijapigiwa, na wao wanamsubiri Sharifu. Walishazoea. Asipopiga hawaondoki.

Nikitaka kumpigia Mzee Erasto, kabla sijamaliza namba anaingia yeye, Sharifu. Nikikata, anapiga. Ujumbe niliomwandikia Salimu unazunguka tu, haujaondoka. Namba za Salimu nimezibonyeza sasa mara ngapi — yeye anaingia. Nenda, nenda. Sauti haina haraka yoyote. Alirekodi mchana wa jua, tulikuwa tunacheka, nakumbuka.

Toka hapa simwoni Salimu, mgomba unaziba. Naona bati la paa lake tu. Hakuna mtu juu yake. Nimepiga kelele mpaka koo limekauka, mto unazimeza.

Nimeizima simu nikaiwasha, labda nitapata upenyo. Mtandao umerudi, nimeanza kuandika namba ya Mzee —

Inaita.

Bi Mwaija anauliza ni nani huyo anayekutafuta hivyo, mwanangu, si umpokee. Nimemwambia ni wa kazini.